Redio ya Kioo na Shingo ya Hamadi

Alhamdulillahi, tumerudi wazima. Tangu siku ile ninyi ndugu zangu wa Dunda mmekuwa mkinishika mkono kila nikitoka msikitini na kuniuliza ya safari, nami nimekuwa nikimjibu kila mtu kipande. Aliyesikia habari ya tende hakusikia habari ya chumvi, na aliyesikia habari ya Kariakoo anadhani tulikwenda kununua televisheni. Nimeona bora nikae niandike yote kwa mpango wake, kituo kwa kituo, kama tulivyopita.

Kwanza sababu. Hamadi, kwa asiyemjua, ndiye dereva wa lori letu la chumvi tangu lilipofika Bagamoyo likinuka rangi mpya. Mimi nilikuwa utingo wake kabla sijaenda kusoma dini, na niliporudi watu wakaniita Maalim, yeye hakuona tofauti kubwa. Ananizidi miaka mitatu. Mwaka juzi aliteleza juu ya magunia akaanguka, na tangu hapo shingo yake haigeuki. Akitaka kukutazama hugeuza mwili mzima, kama mlango.

Mwezi mmoja kabla ya safari alirudisha lori nyuma kuingia ghalani, akalipandisha juu ya jiko la Bi Zuhura, anayeuza uji pale ukutani. Bi Zuhura alikuwa amekwenda kuteka maji. Sufuria mbili zikawa bapa kama sahani. Yeye mwenyewe Mungu alimwepusha. Jioni ile mwanangu Twaha, ambaye sasa ndiye msimamizi wa lori, alikuja akaketi mkekani kwangu akasema kwa adabu, "Baba, Ami Hamadi ashuke. Mara hii zilikuwa sufuria."

Nilimwomba subira. Nilikuwa nimesikia kwamba ziko redio za kioo, za kugusa kwa kidole, ambazo hufungiwa kamera nyuma ya gari, na dereva akaona yaliyo nyuma yake bila kugeuka. Twaha alifikiri kidogo. "Haya, kafungeni," alisema. "Mkirudi, Ami arudishe lori mpaka ghalani mbele ya macho yangu. Asipogusa kitu, neno hili sitalisema tena. Akigusa, ashuke."

Nilimpelekea Hamadi ujumbe huo kama ulivyo. Akauliza kama redio hiyo inashika na matangazo ya vifo.

Bagamoyo hadi Tegeta

Tuliondoka Jumanne baada ya swala ya alfajiri, chumvi nyuma imefunikwa turubai. Nusu ya mzigo ilikuwa ya Tegeta na nusu ya Msata, kwa hiyo ilitubidi tuzunguke: tushuke Dar es Salaam, tupande Kibaha na Chalinze, tufike Msata, kisha turudi nyumbani kwa njia ya Makurunge. Ni duara. Zamani nusu ya duara hilo ilitutosha kwa siku mbili.

Nilimkumbusha Hamadi barabara ya mchanga, kabla ya lami, tulivyokuwa tukilaza magogo chini ya magurudumu na kusukuma huku tunasoma istighfari. Yeye akanikumbusha redio. Redio ya lori letu ilikuwa na vifundo viwili tu, na kimoja alikifunga uzi kisizunguke, kwa sababu stesheni aliyoitaka ilikuwa moja. Baada ya taarifa ya habari ya mchana yalikuja matangazo ya vifo. Hamadi alipunguza mwendo, nami nikanyamaza juu ya magunia hata kama nilikuwa naimba. Likisomwa jina la mtu wa kijiji kilichopo njiani, tulisimama. Hamadi alivua kofia, akateremka, akaenda kuuliza kama jamaa wamepata habari. Mara ngapi tulikuta hawajapata. Mara ngapi tulishusha magunia mawili tukawapakia watu wazima na akina mama, tukawapeleka mazikoni, na chumvi ikachelewa, na mwenye chumvi asiseme kitu, kwa sababu naye ana watu wake.

"Siku hizi habari ya kifo inafika kwenye simu kabla maiti haijaoshwa," alisema Hamadi.

"Ni heri," nikasema. "Watu wanawahi."

"Sikusema si heri. Nasema hawasimami tena."

Pale Mapinga mpira wa nyuma ulipasuka. Fundi alikwenda kuutengeneza akakaa huko hata jua likapanda sana, nasi tukaketi kwa mama mmoja muuza vitumbua. Vitumbua vyake vilikuwa na iliki, na maharage yake ya nazi yalinikumbusha ya marehemu mama yangu, Mungu amrehemu. Nilikula vitano. Niliponyanyuka kuomba maji, mama yule aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Babu, samahani, huyo mwenzio ni mtu mkubwa sana huko mtokako?"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nimemwamkia shikamoo mara tatu. Hata shingo hakugeuza."

Nilicheka mpaka maji yakanipalia. Nilipomweleza aliona haya, akamzungukia Hamadi mbele kabisa, uso kwa uso, akamwamkia mara ya nne. "Marahaba, mwanangu," alijibu Hamadi. "Zile tatu nilidhani unamwamkia Maalim. Yeye ndiye anayependa kuamkiwa." Akaongezwa vitumbua viwili bure. Mimi sikuongezwa.

Tegeta tulifika alasiri. Tulishusha chumvi, tukaliacha lori kwenye yadi ya mnunuzi wetu, maana malori hayaruhusiwi kuingia katikati ya mji mchana, tukalala kwa mpwa wake Hamadi.

Kariakoo

Jumatano asubuhi tulipanda daladala, tukashuka na kuingia Kariakoo kwa miguu yetu. Mimi na Hamadi tuliijua Kariakoo ya maduka ya chini, yenye mabenchi nje, ambapo mwenye duka alikuuliza habari za nyumbani kabla hajakuuliza shida yako. Sasa ni ghorofa juu ya ghorofa, na kila kaunta ina spika inayotangaza.

Duka la kwanza lilikuwa na redio za kioo ukuta mzima, zote zinawaka, na kwenye zote wanacheza mabinti wale wale, wamevaa wanavyovaa. Niliinamisha macho. Hamadi, ambaye hawezi kuinamisha kitu, aligeuka mwili mzima akakipa kisogo kioo na kuzungumza na muuzaji kwa nyuma.

"Lori letu lina betri mbili," alimwambia. "Volti ishirini na nne. Hizi zako ni za kiasi gani?"

"Hizi ni kumi na mbili, mzee, lakini usijali. Itawaka tu."

"Najua itawaka," alisema Hamadi. "Itawaka moto."

Tukatoka. Duka la pili tulipokewa vizuri, na muuzaji alianza kwa kuuliza, "Wazee wangu, gari lenu ni dini moja au dini mbili?"

Nilishangaa. Nikamjibu kwa upole kwamba sisi ni Waislamu, na gari halina dini, ila mke wangu hulisomea dua kila Ijumaa. Yule bwana alishika kaunta asianguke. Kumbe dini, kwa watu wa redio, ni jina la kipimo cha tundu la redio kwenye dashibodi: tundu jembamba ni dini moja, tundu kubwa ni dini mbili. La kwetu ni jembamba, na yeye alikuwa na za tundu kubwa tu. Akataka tukate dashibodi. Hamadi alikataa. Alisema dashibodi ile imekunywa jasho lake miaka mingi, hawezi kuipasua kwa ajili ya picha.

Duka la tatu lilikuwa uchochoroni, la Bwana Nasoro, mtu wa makamo, wa ukoo wa Kiomani. Alituketisha, akaagiza kahawa na halua, akatuuliza wapi. Tuliposema Bagamoyo, akasema babu yake aliuza nguo huko. Tukatajiana majina ya watu mpaka tukampata mtu mmoja tuliyemjua sote, marehemu sasa, tukamsomea Fatiha. Ndipo akauliza shida yetu.

Hakutuonyesha iliyong'aa. Alimtazama Hamadi akasema, "Nataka nijue anaona nini huyu bwana." Akaweka kamera rafuni kuelekea uchochoroni, waya akauchomeka kwenye redio ya inchi saba, akamwambia Hamadi, "Mkokoteni ukifika kwenye mstari huu mwekundu wa kiooni, sema simama."

Hamadi alivaa miwani yake ya kusomea. Kioo akakiona, lakini alipoinua macho kutazama duka, watu wote walikuwa ukungu. Akaivua. Duka likarudi, kioo kikapotea. Mkokoteni ulipita mstari, na wa pili ukapita, naye bado anapandisha na kushusha miwani. Nilimwona anavyokaza midomo. Safari nzima ilikuwa imesimama juu ya mikokoteni ile.

Bwana Nasoro aliondoa redio ile, akaleta nyingine, kioo chake cha inchi kumi kimesimama mbele kama ubao, mwili wake mwembamba wa kuingia kwenye tundu dogo, na umeme wake wa malori. "Usivae miwani," alisema. "Usisome. Tazama kama unavyotazama dirisha la jirani."

Ukapita mkokoteni wa machungwa. "Simama," alisema Hamadi, na kweli ulikuwa kwenye mstari. Ukapita wa mabomba. "Simama." Akasimamisha mikokoteni saba, na wa nane alikuwa mtu na baiskeli, akamsimamisha pia. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akitabasamu hivyo. Alikuwa kama siku aliyokabidhiwa lori.

Tulipoagana, Bwana Nasoro alitufungulia zawadi ndani ya ile redio: adhana, vipindi vyote vitano, ili tusipitwe na swala safarini. Nilimwombea dua. Sikumwuliza swali ambalo mimi niliyesoma ilinipasa kumwuliza.

Kibaha

Kufunga tulifungiwa Kibaha, Alhamisi asubuhi. Fundi wa umeme wa magari tuliyeelekezwa ni mwanamke, jina lake Mwanaidi, mwenye ovaroli na kilemba, na sindano ya kufumia ushanga ameichomeka kwenye kilemba kwa ajili ya kutobolea waya. Hamadi alipomwona aliniuliza kwa Kiarabu chake kibovu kama tutafute mwingine. Mwanaidi akamjibu kwa Kiarabu kizuri. Baba yake alikuwa na madrasa. Baada ya hapo Hamadi alikuwa mpole.

Mwanaidi aliingia chini ya lori, kisha akaita, "Wazee, mnabeba nini humu?"

"Chumvi."

"Nilijua. Waya wote umeliwa kama kachumbari."

Akatoa waya wa zamani karibu wote. Waya wa kamera akaupitisha ndani ya mpira wa maji, tangu nyuma hadi mbele, akaziba kila mwanzo na kila mwisho kwa grisi. Redio ya zamani aliichomoa akampa Hamadi mkononi, na uzi wake. Hamadi aliutazama ule uzi, akaweka redio chini ya kiti.

Mwanaidi alitufundisha: ukiingiza gia ya nyuma, picha ya nyuma inakuja yenyewe, ukiitoa, inaondoka. Hamadi alirudi nyuma kwenye yadi ya Mwanaidi mara tatu, akapita kati ya mapipa mawili kama anayevaa kanzu.

"Je, haiwezi kubaki muda wote?" aliuliza. "Niwe naona nyuma hata nikienda mbele?"

"Inaweza. Kuna kitufe hiki hapa. Lakini sikushauri, baba. Iache ije inapohitajika."

"Binti yangu, nina miaka miwili sijaona kilicho nyuma yangu."

Mwanaidi alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niseme. Nami nikamwambia Hamadi, "Weka tu, ndugu yangu, ufurahi." Kosa hilo nalo lilikuwa langu.

Chalinze na Msata

Siku ile sote wawili tulikuwa tumefunga, sunna ya Alhamisi. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini tuliona ni shukrani. Njia nzima Hamadi aliendesha huku picha ya nyuma inawaka, akinisimulia yanayotufuata: basi linataka kupita, pikipiki ina abiria wawili na mbuzi, mvua imebaki kwa wenzetu. Adhana hatukuisikia, kwa sababu redio ilikuwa ikilia vidogo vidogo kila tukipunguza mwendo, na Hamadi alikuwa ameizima sauti. Adhuhuri tuliswali Chalinze, tukaiunganisha na alasiri.

Msata mnunuzi wa chumvi ni mfugaji wa Kimaasai, mzee wa rika letu, huinunua kwa ajili ya ng'ombe wake na wa jamaa zake. Alipanda kwenye chumba cha dereva kutusalimu, akaona kwenye kioo vijana wake wakishusha magunia. Akakaa. Hakuteremka mpaka gunia la mwisho. Kijana mmoja alipoketi juu ya gunia kupumzika, mzee alitoa kichwa dirishani akamkemea kwa jina, na kijana akaruka, akatazama juu mbinguni, akatazama chini ya lori, asijue ameonwa wapi.

"Kitu hiki," alimwambia Hamadi, "kinaweza kufungwa kwa ng'ombe?"

"Labda ng'ombe mwenye betri mbili," alijibu Hamadi.

Tuliondoka Msata lori likiwa tupu na mioyo mepesi. Hamadi akafungua sauti ya redio, tusikose magharibi.

Msata hadi Makurunge

Barabara ya Msata kuja Bagamoyo inaelekea mashariki, na jioni jua huwa mgongoni mwa msafiri. Ilikuwa kipupwe; mawingu mazito yalikuwa yameshuka, na tulipopita mashamba ya mananasi ya Kiwangwa tayari palikuwa na giza la mvua. Tulizungumza habari za daraja, na tulivyokuwa tukilala upande huu wa mto Ruvu kungoja maji yapungue, tukipika ugali kwa chumvi ya mzigo. Hamadi alisema usingizi wa siku zile hajaupata tena.

Tulikuwa hatujafika Makurunge redio ilipoadhini. Sauti nzuri sana, wallahi, imejaa chumba kizima cha dereva. Nilitoa tende tatu mfukoni, nikampa Hamadi moja mdomoni kwa kuwa mikono yake iko kwenye usukani, nikala zangu mbili, nikasoma dua ya kufuturu, tukanywa maji.

Haikupita muda mrefu. Nyuma yetu mawingu yalipasuka, na kioo kikawa chekundu chote.

"Maalim," alisema Hamadi, "hilo ni nini?"

Nilitazama. Ndani ya kioo, katikati ya barabara tuliyotoka, jua lilikuwa limesimama zima, duara kamili, bado juu ya miti. Sote wawili tukalitazama. Nilikuwa nikifikiri hukumu ya mtu aliyekula akidhani jua limetua, na Hamadi nadhani hakuwa akifikiri, alikuwa akitazama tu.

Nilimsikia akivuta pumzi. Akakanyaga breki, lori likaserereka likasimama. Mbele yetu hapakuwa na mtu. Palikuwa na baiskeli imelala ukingoni na magunia mawili ya mkaa yamepasuka, na katika majani mtu anajiinua, anajipapasa magoti.

Tuliteremka. Sijui nani alitangulia. Yule bwana alikuwa mzima, Mungu ashukuriwe, amechubuka kiganja tu. Alituona tulivyo, wazee wawili wenye kofia, akaacha hasira aliyokuwa ameiandaa.

"Wazee wangu," alisema, "nilipiga kengele, nikapiga kelele, mkawa mnanijia tu. Nikaona bora mimi na mkaa wangu tukae pembeni. Mlikuwa mnatazama sinema?"

Hamadi alipiga magoti akaanza kuokota mkaa, kipande kimoja kimoja, kwa kuwa kuinama upande hawezi. Nasi tukaokota naye. Tulikuwa bado tunafunga magunia kwa kamba yetu adhana ilipotoka kwenye msikiti wa Makurunge, ya mtu, yenye kikohozi katikati. Mwenye mkaa akasema, "Sasa ndiyo magharibi." Alikuwa na muhogo wa kuchoma ndani ya karatasi. Akatugawia. Tuliswali naye pale kando ya barabara, juu ya turubai la chumvi.

Nilipanda ndani ya lori nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo pembeni mwa kioo. Mji uliowekwa kwa ajili ya adhana ulikuwa Maskati, ambako jua hutua kabla ya kwetu. Nadhani ni huko redio zile zilikotoka, na Bwana Nasoro hakubadilisha, nami sikuuliza.

"Tumefuturu na watu wa Maskati," nilimwambia Hamadi, nikijaribu kumchekesha.

Alizima kile kitufe cha nyuma. "Zamani nilijua magharibi kwa rangi ya mikono yangu kwenye usukani," alisema.

Ghalani

Usiku ule sikulala vizuri. Nimefundisha watoto wa mji huu kusema kweli hata kama inawauma wazazi wao. Lakini Twaha aliponiuliza habari za njia nilimweleza vitumbua, dini moja na dini mbili, na mzee wa Kimaasai, akacheka sana, na habari ya baiskeli sikuitaja. Nilijiambia hakuna aliyeumia. Nilijiambia sharti lilikuwa ghala, na si barabara.

Ijumaa asubuhi tulikusanyika. Bi Zuhura alikuwa amehamisha jiko lake mbali kabisa, akasimama karibu na mnazi ulio jirani, mwiko mkononi. Twaha alisimama ukutani. Hamadi alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa, akapanda, akaingiza gia ya nyuma.

Sijaona lori likirudi nyuma vile. Halikusita wala halikurekebisha. Liliingia mlangoni, nafasi sawa kushoto na kulia, likasimama shubiri moja kutoka ukutani. Twaha alipima kwa kiganja chake mwenyewe. Bi Zuhura alipiga kigelegele. Twaha akaenda mlangoni mwa dereva akasema, "Ami, nisamehe. Neno langu limekwisha."

Hamadi alizima injini. Aliteremka taratibu, ngazi kwa ngazi, akageuka mwili mzima mpaka akawa uso kwa uso na mwanangu, akamshika mkono, akauweka ufunguo ndani yake.

"Ami, mbona?" alisema Twaha. "Umefaulu."

"Nimefaulu, ndiyo maana nashuka. Ningeshindwa ningegombana na wewe mpaka siku ya kufa kwangu."

Kisha akamweleza habari ya mtu wa mkaa, yote, hakujipunguzia. Alisema, "Nyuma nimeona. Mbele sikuona. Kamera ya mbele hawauzi." Twaha alinitazama mimi. Nikakiri kwamba nilikuwepo, kwamba mimi ndiye niliyemhimiza aiache picha ile iwake, kwamba nilinyamaza, na kwamba Hamadi amenizidi kwa kusema kweli. Bi Zuhura akasema uji utapoa.

Twaha alitaka kuajiri dereva mwingine. Hamadi akamkatalia, alisema lori lile linamtaka mtu anayelijua, na akamtaja Twaha mwenyewe. Ikabaki hivyo. Jumatatu nililipa ile siku niliyofuturu mapema. Hamadi naye aliilipa, ingawa nilimwambia ya sunna hailazimu.

Jumanne lori liliondoka tena na chumvi. Twaha alikuwa kwenye usukani, anarekebisha viti na vioo kama afanyavyo kila dereva mgeni. Mimi nilikuwa nimekwisha kuketi mahali pangu, upande wa dirisha. Mlango ukafunguliwa, na chini yake alisimama Hamadi na kikapu chake cha safari na birika la chai.

"Sogea, Maalim," alisema.

Nikasogea.